Tatu ya Mzee Usumani

Wiki ambayo Ingabire alipelekwa kwenye mafunzo ya maumivu, hakuna mtu wa nyumba yao aliyeweza kujikwaa kwa amani. Ukigonga kidole kwenye kizingiti, kabla hujamaliza kulalamika, yeye amekwishafika mbele yako na kalamu yake: kutoka sifuri mpaka kumi, ni ngapi? Yanachoma au yanakata? Yamekaa mahali pamoja au yanatembea? Mumewe Shafiq, muuza viatu wa pale Sonatubes, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, aliungua ulimi kwa chai akasema tisa. Wifi yake Kaze, aliyekuwa anaolewa Jumapili ya wiki iliyofuata na ambaye viatu vya harusi vilikuwa vikimla vidole, alisema sita na nusu, akaambiwa nusu haikubaliki. Mama mkwe, Mukabalisa, alipoulizwa kuhusu goti lake hakuinua hata macho kutoka kwenye ungo wa mchele.

"Hii goti iko mzee kuliko hiyo namba yako," alisema. "Zamani muganga aliuliza tu, unaumwa wapi. Ikatosha."

"Siku hizi iko kipimo, Mama."

"Kipimo iko ya sukari. Iko ya nguo. Ya maumivu sijaona kwa duka."

Kipimo kilikuwepo, na Ingabire alikuwa nacho mkobani: rula ya plastiki, upande mmoja namba, upande wa pili nyuso, inaanza na uso unaocheka na kuishia na uso unaobubujikwa na machozi. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, na kati ya wenzake wote yeye ndiye aliyechaguliwa kujifunza namna ya kupima na kutuliza maumivu ya wagonjwa wa kansa, ili wasiwe wanarudishwa makwao na vidonge viwili na pole. Alifurahi kuchaguliwa. Alifurahi zaidi kwa sababu mgonjwa wa kwanza hakuwa na haja ya kumtafuta mbali. Alikuwa baba mkwe wake, Mzee Usumani, barazani kwao hapohapo Rwezamenyo, Kigali, ameketi nyuma ya cherehani, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

Sasa, kabla hatujafika barazani, kuna jambo moja la kujua kuhusu nyumba ile. Walikuwa watu wa vitambaa. Babu wa Mzee Usumani aliingia Kigali na marobota ya marikani kutoka pwani, akaoa, akakaa, na tangu hapo mtoto wa ukoo ule alijua kupatana bei kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwao kutajiwa bei na kuilipa palepale ilikuwa ni kumkatisha mtu mazungumzo. Ingabire yeye alikulia Mwanza kwa baba mwalimu aliyeona kupatana bei ni ugomvi, na mpaka leo bei ya kwanza anayotajiwa ndiyo anayolipa, na asante anasema. Siku moja alinunua kitenge hivyo, muuzaji akaona vibaya, akamkimbilia mpaka barabarani kumwongezea kitambaa cha kichwa. Kisa hicho kilisimuliwa kila Idi, na kila Idi Ingabire alicheka pamoja nao ingawa masikio yalimwaka.

*

Kansa ya Mzee Usumani ilikuwa ya tezi dume, na ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa ya nyonga. Nyumbani iliitwa mgongo. Mkwe wa kike hawezi kusimama mbele ya baba wa mumewe akataja mambo ya chini ya mshipi, kwa hiyo wote walikubaliana kwamba Mzee anaumwa mgongo, na hospitali iliyoupa ugonjwa jina la kweli ilikuwa mbali na baraza lao.

Ingabire alivuta kigoda, akakaa chini kidogo kuliko yeye, macho pembeni, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mukazana." Kila siku alimwita hivyo, mukazana, mke wa mwanangu, kwa Kinyarwanda, kwa sababu alisema kwa Kiswahili neno hilo halina utamu.

"Baba, naomba nikuulize. Maumivu yako leo ni ngapi? Sifuri ni hakuna kabisa. Kumi ni yale ambayo huwezi kufikiria makubwa zaidi yake."

Mzee Usumani aliitazama rula, akaipapasa ukingo kwa kidole gumba, kama anavyopapasa kitambaa.

"Wewe unasemaje?" aliuliza.

"Mimi sisemi, Baba. Mgonjwa ndiye anayesema."

"Unaniachia mimi nianze?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Haya." Akatazama barabarani, pikipiki mbili zikapita, akamtazama tena mkwe wake kwa jicho la pembeni. "Tatu," alisema, akainua nyusi na kungoja.

Ingabire akaandika tatu.

Mzee aliiangalia kalamu, kisha uso wa mkwe wake, kisha kalamu tena. "Umekwisha andika?"

"Nimeandika, Baba. Asante sana."

"Basi," alisema Mzee Usumani taratibu, akarudi kwenye kushona.

Kwa tatu, walivyofundishwa, ni parasetamoli. Ingabire alimpa vidonge na maji, akaondoka na moyo mweupe. Kesho yake akauliza tena, akaambiwa tatu. Keshokutwa, tatu. Alimwambia Shafiq kwamba baba yake ana bahati, wengine wenye ugonjwa kama ule wanalia, yeye anashona.

"Baba ni simba," alisema Shafiq, na wote wawili wakalala vizuri.

Harusi nayo ilikuwa inasogea. Kaze ndiye kitinda mimba, na Mzee Usumani alikuwa amesema tangu posa ilipopokelewa kwamba atamwozesha kwa mdomo wake mwenyewe, ameshika mkono wa bwana harusi, si kwa kumkabidhi mtu mwingine. Mtu mwingine huyo alikuwapo na alikuwa tayari. Ni mdogo wake, Maneno, fundi wa saa ambaye hana saa za kutosha za kuzungumza. Kila jioni alipita kumwangalia kaka yake, na kila jioni alisema kwamba Mungu apishe mbali, lakini ikitokea mgongo umegoma, yeye ameandaa maneno machache. Machache yale yalijaza karatasi pande zote mbili.

"Huyo akisimama," Mzee alimwambia mkewe, "sheikh atalala, na bwana harusi atabadili nia."

Alisema kwa mzaha. Lakini Mukabalisa, aliyekuwa ameishi naye tangu ujana, aliona kwamba yeye mwenyewe hakucheka, akageuka akaenda kuchochea mkaa.

*

Ukumbi wa mafunzo ulikuwa Kicukiro, ghorofani, na mwalimu wao aliitwa Nahimana, mwanamke mnene mwenye sauti ya pole ambaye ukikosea alikutazama kwa huruma mpaka ukatamani angekukaripia. Siku ile kila muuguzi alitakiwa kueleza habari za mgonjwa mmoja. Rwema, kijana kutoka kituo kingine, alitangulia na kuigiza namna mgonjwa wake anavyougua, akaugua vizuri hivi kwamba mhudumu wa chai alisimama mlangoni na birika kuuliza kama kuna shida.

Ingabire alisimama na karatasi yake iliyonyooka. Mwanamume, fundi cherehani, kansa imefika mifupani. Maumivu tatu kwa kumi. Anatumia parasetamoli. Anaendelea na kazi. Akataka kukaa.

"Tatu siku ya kwanza," alisema Nahimana. "Baada ya hapo?"

"Tatu."

"Asubuhi na jioni?"

"Ndiyo, zote tatu."

"Haijapanda wala kushuka hata siku moja. Na imefika mfupani." Mwalimu aliiweka kalamu mezani. "Anavaaje soksi?"

"Sijui."

"Analala ubavu gani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Ingabire alisema hajui.

"Anakula na wenzake au anapelekewa alipo?"

Hapo Ingabire alijua jibu, na alipolijua ndipo aliposhtuka, kwa sababu wiki zote zile Mzee alikuwa anapelekewa sahani barazani na wao walisema anapenda hewa. "Anapelekewa," alijibu.

"Huyu mgonjwa ni nani wako?"

"Baba mkwe."

Ukumbi mzima ulisema "aaa" kwa pamoja. Hakuna aliyecheka tena. Wote walikuwa na baba wakwe, au walikuwa wakwe wa mtu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza baba mkwe analala ubavu gani.

"Tulisema mwamini mgonjwa," alisema Nahimana, "na wewe umemwamini, vizuri. Lakini nenda ukamtazame. Leo usianze kwa kuuliza. Mtazame tu." Kisha akamwomba aliyefuata asimame. Ingabire aliketi, akakunja karatasi yake mara nyingi mpaka haikukunjika tena. Aliona aibu ya kweli, si ile ya kitenge.

*

Waliruhusiwa mapema, akashuka kwenye pikipiki mwanzo wa mtaa na kupanda kwa miguu. Uzio wa nyumba yao ulikuwa wa mabati yaliyopigwa rangi, na penye lango kulikuwa na nafasi ya kuona baraza lote. Alikuwa anataka kubisha hodi alipomwona Mzee Usumani yuko peke yake, anajiandaa kusimama.

Kanzu yake ya kuvaa Jumapili ilikuwa imetundikwa ukutani, hatua chache tu kutoka kwenye cherehani. Mzee aliitazama kama mtu anayetazama mto uliojaa. Akaishika futi iliyokuwa shingoni, akaikunja mara mbili, akaitia kinywani na kuuma. Ndipo akaegemea meza ya cherehani kwa mikono yote miwili na kuinuka. Jasho lilimtoka usoni papo hapo. Alifika nusu ya kusimama, akabaki hapo, macho ameyafumba, futi mdomoni, na hakutoa sauti yoyote.

"Baba Shafiq," Mukabalisa aliita kutoka jikoni, "uko sawa?"

Mzee alitoa futi mdomoni. "Niko salama kabisa," alijibu, kwa sauti ya mtu anayekunywa chai, akajirudisha kitini. Kanzu hakuifikia.

Ingabire alisimama nje ya lango la nyumba yake mwenyewe na akalia. Alimhurumia, na alijikasirikia hivi kwamba alitamani kuirusha ile rula kwenye mtaro. Halafu akafuta uso kwa mtandio, akagonga, akaingia, akasalimia, akaitikiwa, akakaa kwenye kigoda. Ile futi ilikuwa imerudi shingoni. Upande mmoja ulikuwa umelowa, na alama za meno hazikuwa za leo tu. Namba zilikuwa zimeanza kufutika.

"Baba, leo ni ngapi?"

"Tatu."

"Baba, hiyo si tatu."

"Nilisema tatu, nawe ukaandika."

"Naweza kufuta."

Mzee Usumani alimtazama kwa masikitiko. "Unafutaje, mukazana? Mtu ametaja, mwenzake amekubali, wamemalizana. Nikigeuka leo nikasema ilikuwa nyingine, mimi nitakuwa mtu wa namna gani? Hatuna tabia hiyo kwetu."

Ingabire hakuelewa hata chembe. Alikwenda jikoni, akawakuta Mukabalisa na Kaze wanakunja sambusa, akawaeleza yote tangu siku ya kwanza: nilimuuliza, akaniuliza mimi nasemaje, nikamwachia aanze, akasema tatu, nikaandika.

Mukabalisa aliacha kukunja. "Ukaandika palepale?"

"Ndiyo, Mama."

"Hukumwambia hata 'ongeza'?"

"Niongeze nini? Ni maumivu yake."

Mama mkwe alitafuta pa kukaa. Kicheko kilimjia kutoka mbali, kikamtikisa mabega, akajishika goti lake la zamani. "Mana yanjye, Mungu wangu," alisema. "Huyu mutu, baba yangu alimutajia ng'ombe za mahari, yeye akaanza na mbuzi moja. Na ile mbuzi ilikuwa na kikohozi. Walibishana mpaka jua ikazama, ndio akafika kwa ng'ombe. Wewe umemuuliza atatoa ngapi, akataja ya chini kama mutu yeyote wa soko, anangoja umupandishe. Ukamukubalia. Maskini ya Mungu, umemufunga."

"Wifi," alisema Kaze, "yaani hata maumivu umechukua kwa bei ya kwanza."

Walicheka wote, Ingabire naye. Kisha Mukabalisa akawa hacheki tena bali anafuta macho kwa ukingo wa kitenge. "Hajalala kitandani tangu mvua ianze," alisema. "Iko analala kwa kiti, amekaa. Alinikataza nisikuambie. Alisema ukijua utaona haya."

Kaze aliiweka sambusa iliyokuwa mkononi mwake. "Na Jumapili?"

Mukabalisa alianza kukunja sambusa upya. Nje lango lililia na sauti ya baba mdogo Maneno ikasikika, anawatakia amani watu wa nyumba na kuuliza mgongo umeshindaje.

*

Safari hii Ingabire hakukaa kwenye kigoda. Alivuta kiti cha wateja, kile kinachowekwa mbele ya cherehani, akakaa uso kwa uso na baba mkwe wake. Maneno, aliyekuwa ameegemea nguzo na karatasi yake mfukoni, alinyanyua nyusi lakini akaona ni vyema kunyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Baba," alisema Ingabire, "nimerudisha ile tatu."

"Mali ikishauzwa hairudi."

"Ina kasoro. Nimeifungua nyumbani nikakuta ina tundu."

Masharubu ya Mzee yalicheza kidogo. Alizima taa ya cherehani. "Tundu kubwa?"

"La kupitisha mkono."

"Hapo mwenye duka lazima asikilize," alikubali. "Sasa unataka ngapi?"

"Tisa."

"Tisa." Alilirudia neno hilo kama mtu aliyetajiwa bei ya Ulaya. "Mukazana, unataka kunifilisi. Nne. Na hiyo ni kwa sababu ni wewe."

"Nne nitawaonyesha nani, Baba? Watanicheka. Nane na nusu."

"Nusu haikubaliki. Kaze ameniambia."

"Nane, basi."

"Tano, na hapo napata hasara."

"Kaka, mwongezee mtoto wa watu," alisema Maneno, aliyeshindwa kuvumilia.

"Wewe nyamaza, huna duka."

Ingabire akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, alilokuwa ameona tu Kaze akilifanya kwa wauza vitambaa: alisimama, akatikisa sketi, akaanza kuondoka bila kugeuka. Alishuka ngazi ya kwanza. Alifikiri, asiponiita je?

"Rudi," alisema Mzee Usumani, na sauti yake ilikuwa na fahari ndani yake. "Sita."

Alirudi, akakaa. Sasa hakuwa na mzaha tena. "Baba, usiku unalala wapi?"

Mzee akatazama jikoni, palipokuwa kimya mno kwa jiko lenye wanawake wawili.

"Mtu anayelala kwenye kiti hana sita," alisema Ingabire. "Nimekuona leo, Baba. Nilikuwa langoni. Nimeiona hiyo futi."

Mzee aliishika ile futi kana kwamba angeweza kuificha. Maneno aliangalia chini, kisha akatoka taratibu kwenda kusimama nje ya lango, na hilo ndilo tendo jema alilolifanya mwaka ule.

"Nikuulize na mimi," alisema Mzee Usumani. "Nikitaja ile ya juu kabisa, halafu kesho ikazidi, nitakuwa nimebakiza nini cha kusema?"

Swali hilo halikuwamo kwenye mafunzo. Ingabire alisogeza kiti karibu. "Namba ndiyo zinaishia hapo, Baba. Dawa haiishii hapo. Kesho ikizidi, daktari ataongeza dawa. Keshokutwa ikizidi, ataongeza tena."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili. Na dawa yenyewe haingoji uumwe, inanywewa kwa saa zake."

"Nitaweza kukaa? Nitaweza kusema maneno ya kumwozesha binti yangu nikijua ninachosema?"

"Tukianza kesho, ndiyo. Siku za kwanza utalala sana, halafu usingizi utapungua. Lakini lazima unipe bei ya mwisho."

Mzee alipapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba. Sokoni bei ya mwisho huwa si ya mwisho, na hakuna aliyejua hilo kuliko yeye.

"Kumi," alisema. "Tangu mvua zianze ni kumi."

Kalamu ilikuwa mkononi lakini Ingabire hakuandika. Alingoja, kama alivyongojwa yeye siku ile ya kwanza, asije akafunga biashara mtu hajamaliza. Mzee Usumani hakuongeza neno. Alivua futi shingoni, akaiweka juu ya meza, akafunika uso kwa viganja vyake vyenye alama za sindano. Ingabire alilia mbele ya baba mkwe, jambo ambalo mukazana hafanyi, na baba mkwe akalia mbele yake, jambo ambalo halifanyiki kabisa.

*

Daktari Kamanzi wa hospitalini hakuchukua muda kuandika mofini ya maji. Aliyechukua muda ni mtoa dawa, ambaye aliuliza kwa sauti ya kusikika foleni nzima ni ya ugonjwa gani.

"Mgongo," alinong'ona Shafiq.

"Mofini ya mgongo?"

"Mgongo sana," alisema Shafiq, akitazama viatu vya watu.

Ingabire ilibidi asogee dirishani aseme mwenyewe, kansa ya tezi dume ya baba mkwe wangu, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda, watu wote wakisikia. Alipomaliza aligundua kwamba ardhi haikupasuka. Shafiq ndiye aliyekuwa ameloa jasho.

Nyumbani Mukabalisa aliishika ile chupa kwa ncha za vidole na kuuliza kama si ile dawa wanayopewa watu wa kufa. Maneno akakumbuka kwamba ni kitu cha kulevya na wao ni Waislamu, akampigia simu sheikh, huku pengine akikumbuka pia ile karatasi yake. Sheikh aliuliza kama imeandikwa na daktari. Aliposikia ndiyo, akasema basi wamwache mgonjwa anywe dawa yake, na Maneno akakata simu kwa huzuni kidogo.

Mzee Usumani alikunywa, akakunja uso kwa uchungu wake, akalala. Alilala kitandani, amenyooka, kesho yake akalala tena mpaka Kaze akaanza kulia kwamba baba yake amepotezwa. Ingabire alimkalisha kando ya kitanda ahesabu pumzi, akamweleza kwamba ule ni usingizi wa wiki zote za kwenye kiti, unajilipa. Kisha usingizi ukapungua na likaja suala jingine, kwa sababu dawa ile hufunga tumbo. Muuguzi lazima aulize na mkwe hawezi kuuliza. Wakakubaliana Mukabalisa asimame katikati, kwenye pazia la mlango.

"Mukazana anauliza, tayari?"

"Mwambie bado."

"Anasema kula papai."

"Mwambie nimekula papai la kutosha ukoo mzima."

Asubuhi moja sauti ya Mzee ilisikika kutoka uani, imejaa furaha: "Mwambie mukazana, biashara imefunguliwa." Kaze alicheka mpaka akamwaga chai, na Ingabire, akiwa amejifunika uso kwa mtandio, aliandika.

*

Jumapili baraza lilitandikwa mikeka na cherehani likasukumwa pembeni na kufunikwa shuka. Mzee Usumani alikaa kwenye kiti chenye mito, kanzu yake mpya imenyooka, dawa ameinywa kwa saa yake. Kabla wageni hawajajaa, Ingabire aliinama kando yake.

"Ngapi, Baba?"

"Mbili."

Ingabire alikunja macho. "Mbili ya sokoni?"

"Kama huamini, pandisha."

Alimtazama kama alivyoagizwa. Mikono ilikuwa imelala mapajani. Kipaji cha uso kilikuwa kimekunjuka, alikuwa amekaa mzima bila kuegemea upande, na futi haikuwapo shingoni. Alikuwa amekula na wenzake. Ilikuwa mbili ya kweli, akaiandika.

Sheikh alipomaliza khutba, Maneno alijikohoza na kugusa mfuko wake. Mzee Usumani hakumtazama. Alinyoosha mkono, akaushika mkono wa bwana harusi, akasema maneno yote, moja baada ya jingine, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: amemwozesha binti yake Kaze, kwa mahari waliyokubaliana. Kijana akajibu amekubali. Ndani, nyuma ya pazia, wanawake walipiga vigelegele, na Ingabire alipiga kwa nguvu kuliko wote, akakohoa.

Mchana ulipogeuka, gari lenye maua ya plastiki lilisogezwa langoni. Kaze aliinama kwa baba yake, akamkumbatia shingoni, kisha wakamwongoza kwenda. Wageni walitoka nje wote. Maneno, aliyeona nafasi, alipanda juu ya jiwe la lango na kuitoa karatasi.

Barazani alibaki Mzee Usumani peke yake. Ingabire aligeuka akamwona, mikono imeshika kiti kwa nguvu, midomo imebanwa, machozi yanaingia kwenye ndevu. Alikimbia.

"Baba, ngapi?"

"Kumi," alisema palepale, bila kupatana.

Mkono wa Ingabire ulikuwa tayari mkobani, umeshika chupa. Mzee alitikisa kichwa. Alionyesha kwa kidevu kule langoni, ambako gari lilikuwa linaanza kuteremka mtaani na mkono wa Kaze uko nje ya dirisha.

"Hiyo usiiandike," alisema.

Ingabire alirudisha chupa mkobani. Akaenda kukitoa kile kiti cha wateja chini ya shuka, akakileta, akakaa karibu naye, wakalisikiliza gari mpaka wakabaki wanamsikia Maneno tu.